Anayesikiliza Yuko Jikoni

Msikilizaji, kabla sijaanza nina ombi moja. Kama redio yako iko sebuleni, ipeleke jikoni. Kama tayari iko jikoni, basi najua nazungumza na nani. Sebuleni siku hizi kuna runinga. Redio imebaki juu ya kabati la vyombo, karibu na chupa ya mafuta ya kupikia, antena imevunjika ikafungwa waya, na mwenzake ni yule anayeosha masufuria. Wewe dada unayenisikiliza, usizime jiko kwa ajili yangu. Endelea na mboga yako isije ikashika. Mimi naomba sikio tu. Na kama wenye nyumba wamekwenda ibadani, ongeza sauti kidogo.

Mada niliyopewa leo ni ubaguzi. Nadhani mtayarishaji wa kipindi alitarajia niende Marekani, au nirudi Afrika Kusini ya makaburu. Huko tungekwenda kwa raha zetu, maana ubaguzi wa mbali sisi tunauona vizuri sana. Mwaka 2020 polisi wa Minneapolis alipomwekea George Floyd goti shingoni, vijiweni kwetu hakuna aliyehitaji kueleweshwa. Watu walikasirika kweli, na walikuwa na haki. Lakini kuna ubaguzi mwingine unaolala ndani ya nyumba zetu, unaojua chumvi iko wapi na mtoto hupewa dawa saa ngapi. Huo hatuuiti ubaguzi. Tunauita "maisha na dada".

Nilikulia Tanga, Ngamiani, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua wa nyuma. Ukuta wa jikoni ulikuwa na misumari, na kila msumari ulikuwa na kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Kimoja kilikuwa na msumari wake peke yake, kando ya mlango, mbali na wenzake. Rangi yake ilikuwa imebanduka upande mmoja, pakabaki doa jeusi lenye umbo la sikio. Siku moja, nina miaka saba au minane, natoka kucheza na kiu imenikaba, nikakinyakua hicho kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, nikachota maji mtungini. Sijamaliza funda la kwanza, shangazi kanipokonya.

"Hicho cha hausigeli hicho!"

Hakusema ni kichafu. Hakusema kina ugonjwa. Dada mwenyewe alikuwa hapo hapo, amechutama anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa. Maji yalikuwa ya mtungi mmoja. Vikombe vyote, chake na vyetu, vilioshwa na mkono mmoja, na mkono huo ndio uliokanda unga wa chapati zetu na kumlisha mdogo wangu uji. Mkono wake hatukuwa na tatizo nao. Tatizo lilikuwa mdomo. Sikuuliza kitu. Nilichojifunza ni kutokosea msumari tena, na sikukosea.

Dada huyo alitoka milimani, upande wa Lushoto. Jina alilokuja nalo lilikuwa moja na la bibi yangu, ikaonekana si adabu bibi na hausigeli waitike pamoja. Akapewa jingine siku ileile, hata mzigo wake hajaufungua. Aliliitikia miaka miwili na nusu. Siku ya kuondoka, kaka yake alikuja kumchukua, akasimama mlangoni akamwita kwa jina lake la kwao. Sisi watoto tukamjibu kwa heshima zote kwamba hapa hakuna mtu huyo.

Kiswahili kina mzizi mmoja, "tuma", uliozaa ndugu watatu wasiosalimiana: mtume, mtumishi na mtumwa. Wote wametumwa. Wanachotofautiana ni nani kawatuma, na kama wanaweza kukataa. Kwa watu wa pwani hili si fumbo la darasani. Zanzibar hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Hiyo si zamani za kale. Ni umri wa mabibi wa mabibi zetu. Kisha Mzungu akaja na neno lake, "boi". Wakati wa ukoloni kazi za ndani huku kwetu zilikuwa zaidi za wanaume: mpishi, dobi, boi. Mwanazuoni Janet Bujra ana kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000, kinachoeleza jinsi kazi hizo zilivyohama Tanzania kutoka mikononi mwa wanaume kwenda kwa wanawake. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boi, yaani kivulana, na wazee wetu walilichukia neno hilo kama sumu. Uhuru ulipokuja tukamzika boi, ingawa shambaboi alisalia bustanini, tukamkaribisha geli. Mwanamke wa miaka arobaini, ana watoto watatu wanasoma huko kwao, bado ni hausigeli. Vijana wa Dar es Salaam wakaongeza "beki tatu", jina la uwanjani, na Nairobi wanasema "mboch". Yote yanachekesha ukiwa si wewe unayeitwa.

Hebu jisikilize ukiwa kwenye simu. "Shemeji, niagizie msichana, ila asiwe mjanja mjanja." Kuagiza! Kwa kitenzi hicho hicho tunaagiza mchele Kyela na vitunguu Singida. Msichana anateremka stendi ya Mbezi na begi lake la shangazi kaja, anapokelewa, anatazamwa juu mpaka chini, na akionekana ana dosari anapakiwa arudi. Kila mji una orodha yake ya makabila: wa mkoa huu wachapakazi, wa mkoa ule wadokozi, wale wengine wakishaujua mji wanaharibika. Orodha hizo sizisomi hapa hewani. Kila mmoja wenu anayo yake.

Sasa msidhani nimekaa kwenye kiti cha hakimu. Miaka michache iliyopita, nikiwa tayari ni bwana mkubwa wa kuzungumzia haki za watu redioni, dada wa nyumbani kwetu alishikwa na homa usiku. Mke wangu alikuwa safarini. Nikamkimbiza kituo cha afya. Pale dirishani mhudumu akauliza:

"Jina kamili?"

Nikataja la kwanza.

"La baba?"

Nikamgeukia dada. Kaegemea ukuta, macho kayafumba, meno yanagongana.

"Umri?"

Kumi na tisa, nikasema. Nilikuwa nabuni.

"Ndugu wa karibu tumwandike nani? Namba ya simu ya kwao?"

Kwa miaka miwili mtu huyu alikuwa amelala hatua saba kutoka kitandani kwangu. Nilijua vitumbua vyake haviungui, nilijua anaogopa panya, nilijua anaimba kwaya akidhani hakuna mtu. Jina la baba yake sikulijua. Mhudumu alichoka kunisubiri. Akaandika jina la dada, na kwenye nafasi ya jina la baba akaandika langu. Kadi ile ninayo mpaka leo. Inasema ni binti yangu.

Na mnajua nilijiambia nini njiani kurudi? Nilijiambia: si kosa kubwa, kwani sisi tunaishi naye kama mtoto wetu.

Sentensi hiyo, "tunaishi naye kama mtoto wetu", nimeisikia katika nyumba nyingi kuliko salamu. Mara nyingi husemwa kwa moyo mweupe. Lakini mtoto wangu hulala saa tatu usiku; dada hulala tukishalala sisi, na huamka kabla ya adhana. Mtoto wangu akivunja sahani tunasema pole, usije ukajikata. Dada akivunja, sahani inakatwa kwenye mshahara. Mtoto wangu anachagua paja la kuku. Dada anakula kasimama, mgongo kaupa jiko, tena anakula kilichorudi mezani. Na juu ya yote hayo, mtoto wako humlipi. Hapo ndipo penye utamu wa neno hilo. Mtu ukishamfanya mtoto, mshahara wake unageuka zawadi, likizo inageuka ruhusa, na siku akidai haki yake anakuwa amekosa adabu. "Yaani pamoja na wema wote tuliomfanyia!"

Ndiyo maana siku hizi neno kavu la sheria nalipenda kuliko neno tamu la undugu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimjui dada wala mwanangu. Inamjua mfanyakazi, kama inavyomjua karani wa benki. Saa 45 za kazi kwa wiki. Mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Akijifungua, siku 84. Masharti ya kazi yake aandikiwe. Najua kuna anayecheka hapo kwenye saa 45. Dada wengi huzimaliza kabla ya Alhamisi.

Sheria nayo ina mambo yake, tusiisifie kupita kiasi. Amri ya mishahara iliyotolewa mwaka 2022, ikaanza kutumika Januari 2023, iliweka viwango vinne kwa kazi hii moja. Anayefanya kwa balozi au mfanyabiashara mkubwa, kima cha chini kilikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Anayefanya kwa ofisa mwenye stahili ya kulipiwa mtumishi, 200,000. Kwa watu wengine, kama halali hapo, 120,000. Anayelala hapo hapo, 60,000. Dekio ni lile lile, mikunjo ya shati ni ile ile, mtoto analia vile vile, lakini thamani ya jasho inategemea limemwagika kwenye sakafu ya nani. Na anayelala hapo ndiye anayeamshwa saa nane usiku.

Namsikia mwalimu wa shule ya msingi akinung'unika. Au nesi wa zamu ya usiku. "Wewe mtangazaji unaongea tu. Mshahara wangu mwenyewe haufiki tarehe ishirini." Ana haki ya kunung'unika, tena huyo ndiye mwajiri wa kawaida, si balozi. Hana wa kumwachia mtoto, hakuna kituo cha bei yake, na asipopata dada hatakwenda kazini. Wanawake wawili wanagawana mshahara mmoja mdogo na wote wawili wamechoka. Mimi namuuliza swali jingine: baba wa nyumba yuko wapi katika hesabu hii? Katika nyumba nyingi mwanamume hajui hata dada analipwa kiasi gani. "Muulize mama." Ni ujanja wa kiwango cha juu. Ukali wote unabaki kwa mama mwenye nyumba, sisi tunabaki kuwa baba wapole tunaoacha noti ya elfu mbili mezani siku ya Idi au Krismasi. Nimeufanyia kazi ujanja huo miaka mingi, naujua vizuri.

Na tulivyo hodari wa kulia wakilizwa wetu! Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Pasipoti kashika mwajiri. Siku ya mapumziko hakuna. Mshahara unapunguzwa au hautolewi kabisa. Wengine wamepigwa. Mfumo wa kafala unamfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na akiondoka bila ridhaa ya mwajiri anahesabika mtoro. Ripoti kama hizo, na video wanazotuma wasichana wenyewe, hutuuma. Tunazisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, tunaandika "Mungu anawaona". Tunaziandika tukiwa sebuleni, na mtu aliyetuletea chai hana siku ya mapumziko, kitambulisho chake kiko kwenye droo ya mama "kisipotee", na simu yake anapewa Jumapili jioni azungumze na kwao, kwa spika, tukimsikia.

Neno "mtoro" nalo lina historia yake pwani hii: watoro walikuwa watumwa waliokimbia mabwana zao. Karani wa benki akiacha kazi, tunasema kaacha kazi. Dada akiacha kazi, jirani anapita nyumba hadi nyumba: "Mwenzangu, yule msichana katoroka!" Katoroka nini? Alikuwa amefungwa?

Tarehe 16 Juni, mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Shirika hilo hilo linakadiria watu hawa kuwa milioni 75.6 duniani, na zaidi ya robo tatu ni wanawake. Mkataba unasema mambo ya kawaida sana: akae na nyaraka zake mwenyewe, apate siku ya kupumzika na asilazimishwe kuimaliza ndani ya nyumba hiyo hiyo, na kama analala hapo, pawe mahali panapolinda faragha yake. Faragha. Kumbukeni neno hilo, nitalirudia.

Tarehe 16 Juni kwetu inajulikana kwa jambo jingine. Ni Siku ya Mtoto wa Afrika, kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976. Watoto wanavaa sare, wanaimba, mgeni rasmi anahutubia juani. Na nyumbani kwa baadhi ya wanaopiga makofi uwanjani kuna mtoto wa miaka kumi na mbili amembeba mtoto wa miaka miwili. Sheria yetu inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, lakini huyo "hajaajiriwa", amekuja kusaidiwa, shangazi yake atampeleka shule mwakani. Mwanza kuna shirika linaloitwa WoteSawa linaloshughulika na watoto wa namna hii, na mwanzilishi wake, Angel Benedicto, aliwahi kuifanya kazi hiyo mwenyewe akiwa mtoto. Nalipenda jina la shirika lile. Halina mbwembwe. CHODAWU nacho, chama cha wafanyakazi, huwaandikisha wa majumbani pamoja na wa mahotelini. Wewe dada uliyeko jikoni, hilo ni la kwako: mlango upo, na kuuliza si kosa.

Turudi kwenye kadi ya kituo cha afya. Ningependa kuwaambia kwamba kesho yake niliamka mtu mpya. Uongo. Ilipita karibu mwaka, kadi iko droo moja na bili za maji, ndipo mimi na mke wangu tukamwita dada mezani tukamwomba akae. Kukaa kwenyewe kulimsumbua. Alikalia ncha ya kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Tulikuwa tumeandika mkataba kwa mkono, karatasi mbili za daftari, nakala moja yake. Jina lake kamili tulimwachia nafasi alijaze mwenyewe, akaliandika kwa herufi kubwa, majina matatu. La baba yake lilikuwa jina zuri. Mshahara, tarehe ya kulipwa, Jumapili yake kutwa nzima, likizo. Nilijiona nimefanya jambo kubwa, hata nikaagiza soda.

Akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Akafika mwisho, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna maneno. Hakuna.

"Baba, samahani."

"Sema, dada."

"Hapa hamjaandika komeo."

"Komeo gani?"

"La mlango wangu."

Chumba chake kilikuwa stoo. Tulikuwa tumekipaka rangi na kuweka kitanda, tukakiita chumba, lakini kilibaki stoo: fagio zilikuwa humo, pasi ilikuwa humo, gunia la mkaa lilikuwa nyuma ya mlango. Aliyetaka pasi aliingia. Watoto waliingia. Mlango ulisukumwa tu kwa kiganja, saa yoyote.

"Kwa nini hukusema siku zote?" mke wangu akamuuliza.

Dada akaangalia soda yake, hakuwa ameifungua.

"Wageni wakija wanalala sebuleni, mama," akasema.

Mke wangu alinitazama. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumepokea wageni wengi: wajomba, mashemeji, marafiki zangu wa chuo. Tulimuuliza jambo moja tu, kama kuna mtu alimfanyia kitu. Akasema hapana, huwa anaegemeza gunia la mkaa mlangoni. Sikuweza kumuuliza la pili.

Fundi alikuja Jumanne. Komeo la chuma, shilingi elfu nne, na ufundi elfu tatu. Pasi na fagio tulizihamishia koridoni, na mkaa ukatoka nje. Usiku ule, saa nne na kitu, nyumba imetulia, nikasikia chuma kikisukumwa taratibu mpaka mwisho wake. Kikarudishwa. Kikasukumwa tena.